Waliowahi kukaa na mshauri nasaha: mlijuaje kwamba kitu kimeanza kubadilika?

MnasihiMoro

Habari za jioni wakuu. Uzi utakua mrefu kidogo, mtanivumilia.

Kazi yangu ni unasihi, nipo Morogoro, na kabla sijaingia hii kazi nilishakaa kiti cha mteja baada ya kufiwa na mzee wangu, kwahiyo hii kitu nimeiona pande zote mbili. Swali ninaloulizwa kuliko lingine lolote, hata kuliko bei, ni hili: nitajuaje kama inafanya kazi? Na ni swali la haki kabisa. Unakaa saa zima unaongea na mtu ambaye hakupi kidonge wala sindano, unatoka nje jua ni lile lile, deni lile lile, mume yule yule, sasa kilichobadilika ni nini?

Wengi wanaishia hapo hapo. Kikao cha pili cha tatu hawaonekani tena, na ukikutana nae sokoni anakwambia kwa adabu kabisa "nilibanwa na kazi". Inaniuma kwasababu mara nyingi ameondoka wakati mambo ndo yanaanza kusogea, ila hakuna aliyemwambia badiliko likija linakuaje.

Ninachoamini mimi ni kwamba badiliko la tiba ya mazungumzo usilipime kwa unavyojisikia ukifunga ule mlango kutoka. Lipime kwa unachofanya siku lile jambo linapokurudia. Na mara nyingi halianzi na furaha, linaanza na namna nyingine ya kuongea.

Hili la namna ya kuongea sio langu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, ndo mmoja wa watu wa mwanzo kurekodi vikao ili watu wasikilize kinachotokea kweli, badala ya kutegemea kumbukumbu za mshauri peke yake. Mwaka 1958 akaandika kwamba ukisikiliza kanda toka mwanzo mpaka mwisho unamwona mtu anapita hatua kama saba hivi, na hatua zenyewe hazihusu ameacha kulia au bado, zinahusu anavyojizungumzia. Mwanzo anaongea habari za watu tu, shemeji kafanya hivi, bosi kasema vile, watoto wa siku hizi hawasikii. Yeye mwenyewe hayumo kabisa kwenye hadithi. Baadae anaanza kutaja hisia lakini za zamani, "kipindi kile nilikua na hasira". Alafu siku moja anakwama katikati ya sentensi, anasema "hapana, sio hasira... ngoja... niliachwa peke yangu, ndo kinachouma", na hapo anaisikia palepale akiwa amekaa mbele yako. Nimeshaona hiyo hali kwa watu wengi na kila mara chumba kizima kinabadilika.

Mwenzake Rogers, Eugene Gendlin, walikua wote Chicago, alisikiliza kanda za waliofanikiwa na wasiofanikiwa akakuta tofauti kubwa ipo kwa mteja mwenyewe, anavyoongea. Waliofanikiwa walikua wanasita, wanatafuta neno, wanajisahihisha, wanasikilizia kitu mwilini ambacho bado hakina jina. Wale waliokua wanatiririka maelezo yamenyooka bila kukwama popote, wengi hawakufika mbali. Kwahiyo wewe unayejiona mjinga kwasababu kwenye kikao unababaika na maneno yanakataa kutoka, tafadhali usijione mjinga, hapo ndipo kazi inapofanyika.

Kingine cha kuangalia ni ule wepesi wa siku ya kwanza. Mtu amebeba jambo miaka, analitoa kwa mara ya kwanza, analia, anatoka anasema nimetua mzigo. Ni kweli ametua, simpingi. Ila ule wepesi unaisha baada ya siku kadhaa, na mtu akirudi akakuta haupo tena anadhani tiba imegoma. Haijagoma. Kusema ulichonyamaza ni jambo moja, kuanza kuishi tofauti baada ya kukisema ni jambo jingine na linachukua muda wake.

Sasa nataka kusikia kwenu mliowahi kwenda. Mlijuaje? Nani aliona kwanza, wewe au watu wa nyumbani?

BintiMrima

Ahsante kaka Mnasihi kwa uzi. Mi nipo Tanga, nilienda baada ya ndoa yangu kuvunjika.

Nilikua nangojea siku moja niamke nisikie nimepona, niliamini ndo inavyokuaga. Hiyo siku haikuja. Kilichotokea ni kwamba mama mkwe wangu wa zamani alipiga simu kuulizia watoto, nikapokea, tukaongea, nikamwambia mama Jumamosi sitaweza kuwaleta labda Jumapili, nikakata simu nikaendelea kukuna nazi. Mdogo wangu alikua kakaa pale kibarazani akanitazama akasema dada leo hujatetemeka. Maana zamani ile namba ikitokea tu kwenye simu mikono inakufa ganzi, nakubali kila ninachoambiwa alafu usiku kucha nalia. Mi mwenyewe nilikua sijaona chochote, yani bila yule mtoto kusema ningepita tu.

Nilipomsimulia mshauri wangu akaniuliza ulifanyaje mpaka ukaweza kusema haiwezekani, nikabaki namwangalia, nikamjibu yalitoka tu. Hakuniachia hapo. Akanirudisha nyuma taratibu, simu ilipoita mwili ulikuaje, kabla hujajibu ulijisemea nini, ndo nikakumbuka kwamba nilivuta pumzi nikajiambia "huyu anauliza tu, hanihukumu". Hicho kisentensi hatukuwahi kukisema ndani ya kile chumba hata siku moja. Kilikua changu. Na tangu siku ile nikawa nakitumia kwa makusudi, kwa mama mkwe, kwa bosi, hata kwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto.

MnasihiMoro

Dada BintiMrima umeniandikia uzi mzima kwenye post moja.

Hapo kwenye "kilikua changu" ndo napapenda. Kuna watafiti wawili, Arthur Bohart na Karen Tallman, mwaka 1999 walitoa hoja nzito kwamba sisi washauri tunajipa sifa nyingi mno, mtendaji mkuu ni mteja. Anachukua kile kidogo kilichosemwa kwenye kikao, anakwenda kukipika nyumbani kwa namna yake, wakati mwingine anatoka na kitu ambacho mshauri hakukikusudia kabisa na kinamsaidia. Na mshauri wako alifanya jambo la maana sana kukurudisha nyuma ukague ulivyofanya, kwasababu badiliko ambalo mtu hajui amelifanyaje analiona bahati, na bahati huwezi kuitegemea kesho.

Mwas_Nakuru

Niko na swali na naomba jibu straiti. Mimi nilianza kaunseling juu ya ajali ya matatu, watu wawili walikuwa wameketi siti ya mbele yangu walikufa. Kabla niende nilikuwa tu sawa kiasi, nilikuwa nafanya kazi, sikuwa nafikiria hiyo maneno, nikipita hiyo barabara naangalia simu. Saa hii tangu nianze kuongelea hiyo ajali naota usiku, nalia kwa kazi, kelele ya breki inanishtua mpaka watu wananiangalia. Bibi yangu ananiambia wachana na hiyo maneno ya kaunsela, unazidi kuwa mbaya kuliko vile ulikuwa. Sasa hiyo ndio mabadiliko mnasema ama ni nini?

MnasihiMoro

Pole sana ndugu yangu. Pole kwa ajali na pole kwa hizo usiku.

Nitakujibu kwa pande mbili maana ukweli una pande mbili hapa na sitaki kukupa matumaini ya bure.

Upande wa kwanza. Unachosimulia kinajulikana. Mtafiti William Stiles na wenzake mwaka 1990 walieleza safari ambayo jambo chungu linapita ndani ya mtu. Mwanzo limesukumwa mbali kabisa, mtu anakwambia niko sawa na anaamini yuko sawa. Baadae linaanza kuchungulia na mtu hataki kuliona. Alafu linajitokeza bado halina sura vizuri, na hapo ndipo maumivu yanakua makali kuliko hatua zote. Baada ya hapo ndo mtu anaweza kusema tatizo langu ni hili, analielewa, anajaribu namna mpya, mpaka linabaki kumbukumbu asiyoiogopa. Sasa ukiangalia vizuri, wewe ulianza mahali ambapo halikuumi kwasababu ulikua unaangalia simu kwenye ile barabara. Kutoka "siwazi" mpaka "naota usiku" kwa macho ya mkeo ni kurudi nyuma, na simlaumu hata kidogo, yeye ndo anaamka na wewe saa nane usiku. Kwa mpangilio wa Stiles inaweza kua ni kusogea.

Hata kwa watoto iko hivyo. Moshi kwetu huku na Bungoma kwenu kulifanyika kazi kubwa ya unasihi na watoto yatima 640 wa miaka 7 mpaka 13, matokeo yakatoka 2020, washauri walikua watu wa kawaida waliofundishwa, sio madaktari. Kulikua na vikao 12 vya kundi na pembeni yake vikao vichache vya mtoto peke yake, na kwenye hivyo vya peke yake ndo mtoto anasimulia kifo cha mzazi wake kidogo kidogo. Hawakukwepa sehemu inayouma. Lakini waliifikia baada ya mtoto kufundishwa kwanza namna ya kutuliza mwili na kuitaja hisia yake, na mlezi nae alikua anaelekezwa afanye nini nyumbani.

Upande wa pili. Sio kila kuumia ni kupona. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kati ya asilimia 5 na 10 ya wateja wazima wanamaliza tiba wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza, na washauri mara nyingi hatuwaoni mapema. Kwahiyo jiulize haya. Je kaunsela wako alikufundisha kujituliza kabla ya kuingia kwenye ile ajali, au mliingia tu moja kwa moja? Je anajua kwamba unaota na unashtuka kazini, umemwambia kwa maneno hayo hayo uliyotuandikia sisi? Je maumivu yanapanda na kushuka, au yanapanda tu wiki hadi wiki? Kama yanapanda tu, au umeanza kuwaza kujidhuru, usisubiri siku ya kikao, mwambie mkeo leo na nendeni hospitali. Na kama inawezekana mwombe kaunsela akae na nyie wote wawili angalau mara moja amweleze mkeo kinachoendelea, maana saa hizi anaona mume anaharibika na hajui kwanini.

Mwas_Nakuru

Sijamwambia ya kulia kwa kazi. Nilikuwa naona aibu. Asante, nimesoma hii na bibi yangu tukiwa wawili.

MzeeWaKilwa

Nawasalimu vijana. Mimi si mpingaji ila nauliza nielewe. Sisi tulikua na wajomba, mashangazi, shehe wa mtaa, mtu akipatwa na jambo anaitwa barazani anasemwa nae. Hili la kumlipa mgeni akusikilize limetoka wapi? Na zaidi ya hapo nasikia huyo mgeni hakupi jibu, anakuuliza tu "wewe unaonaje". Mzee angekupa neno ukaondoka nalo.

MnasihiMoro

Shikamoo mzee wangu. Swali lako zito na sitalijibu kwa kebehi.

Hayo ya barazani ni kweli na yanasaidia wengi, mi mwenyewe nilipofiwa watu walionijaza nyumbani ndo walionifanya nile. Wala haijaandikwa popote kwamba msaidizi lazima awe na digrii. Kule Harare Zimbabwe kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati, mtu mwenye mawazo mazito anakuja anakaa na bibi. Matokeo yalichapishwa 2016 na yalikua mazuri sana. Sasa angalia mabibi wale walifundishwa nini. Kitu cha kwanza ni kumfungua mtu mawazo, aseme matatizo yake yote, alafu achague yeye mwenyewe moja la kuanza nalo, na njia ya kulitatua itoke kwake. Mabibi walioona mengi maishani, wenye majibu ya kila kitu, wakafundishwa kushika jibu lao mkononi wasilitoe haraka. Na ndivyo wateja wengi wanavyoelezea badiliko lao, hawasemi niliambiwa neno zuri, wanasema niligundua kwamba naweza.

Na kuna mambo mzee ambayo baraza haliyawezi. Shangazi anakupenda lakini ana upande, ni dada wa baba, kuna mambo ukimwambia yatafika kwa baba. Congo mashariki, kwa akina mama waliofanyiwa ukatili wa kingono, kulikua na utafiti uliotoka 2013. Vijiji vingine wasaidizi wa pale pale waliendelea kuwapa akina mama msaada wa mmoja mmoja, vijiji vingine wakafanya tiba ya kundi ambamo kila mmoja anachunguza zile imani zilizomnasa, mfano "mimi ndo mwenye makosa" au "sina thamani tena". Makundi yote mawili yalipata nafuu. Lakini miezi sita baada ya kumaliza, kwenye lile la tiba ya kundi waliobaki na dalili za sonona au hofu kali walikua asilimia 9, kwenye lile jingine asilimia 42. Wale mama nyumbani kwao walikua na wajomba na mashangazi pia, na baadhi yao hao hao ndo waliowatenga.

MzeeWaKilwa

Marahaba. Hapo pa shangazi kuwa na upande nimekuelewa. La Congo limenigusa, Mungu awape nguvu.

Ney_Mbeya

Naomba niulize kitu sijawahi kukisema popote. Mi mshauri wangu ni mama mtu mzima, rika la mama yangu, nikiingia namwamkia shikamoo, ananiita mwanangu. Ni mtu mwema sana kwa kweli. Ila kuna mambo anayasema hayanihusu kabisa, mfano anaamini tatizo langu ni baba yangu aliyetuacha, na mimi naona tatizo ni chuo, nimefeli masomo na naogopa kurudi nyumbani. Lakini akiuliza umeonaje maneno yangu nasema nimekuelewa mama, na natingisha kichwa. Nikitoka nasikia vibaya kwamba nampotezea muda. Alafu anaandika kwenye daftari lake, nahisi anaandika kwamba naendelea vizuri.

MnasihiMoro

Mdogo wangu Ney, ukisoma post zote za leo, yako ndo nimeifikiria zaidi.

Kwanza ujue hauko peke yako, na wala sio Mbeya tu wala Afrika tu. Kulikua na mtafiti Canada, David Rennie, Chuo Kikuu cha York pale Toronto. Alikua anarekodi kikao, alafu muda mfupi baadae anakaa na mteja peke yake bila mshauri, anairudisha kanda, anamwambia simamisha popote unapokumbuka kitu ulichokua unawaza. Yaliyotoka pale yanatakiwa yasomwe na kila mshauri. Mteja kwenye kanda anasema "ndiyo, naona", na pembeni anamwambia mtafiti pale sikukubaliana nae ila sikutaka kumuudhi. Au nilimwona amechoka nikamwonea huruma. Au nilibadilisha mada makusudi. Mwaka 1994 aliandika kuhusu hiki kitu peke yake, jinsi wateja wanavyojishusha mbele ya mshauri kulinda uhusiano. Wazungu hao, ambao wanamwita mshauri wao kwa jina la kwanza. Sasa wewe unayemwamkia shikamoo na anakuita mwanangu, unadhani mzigo wako ni mkubwa kiasi gani zaidi? Heshima yetu ni kitu kizuri na sitaki mtu aiache mlangoni, lakini ndani ya kikao inaweza kuficha kila kitu ambacho mshauri anahitaji kukijua.

Na tofauti ya macho kati ya mshauri na mteja ni kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Daktari mmoja maarufu, Irvin Yalom, alikubaliana na mteja wake kwamba baada ya kila kikao kila mtu aandike ya kwake bila kuonyeshana, yakaja kuchapishwa 1974. Yeye alikua anajivunia tafsiri zake za kina, yale maelezo ya kitaalamu ya kwanini uko hivi. Mteja kayagusa kidogo sana. Alichokitaja yeye ni kwamba daktari aliomba radhi kwa kuchelewa, kwamba alimwangalia kwa wema, kwamba alisifia alivyovaa, kwamba alicheka kwenye utani wake. Watu wawili chumba kimoja saa ile ile, na kila mmoja alikua kwenye kikao chake.

Kwahiyo hilo la baba na chuo lisikae kichwani mwako tu. Mwanasaikolojia Edward Bordin mwaka 1979 aliandika kwamba mshauri na mteja wanatakiwa waelewane kwenye lengo, wanaelekea wapi, waelewane kwenye kazi, watafanya nini kufika huko, na kuwe na ule undugu wa kuaminiana. Wewe undugu unao. Lengo hamna, yeye anashughulika na baba, wewe umekuja na chuo. Ndo maana unatoka mtupu.

Jaribu hivi, na shikamoo yako ibaki palepale: "Mama nakushukuru sana unavyonisikiliza. Kuna kitu nimekua naogopa kukisema nisije nikaonekana nina dharau. Mimi kinachoninyima usingizi ni chuo, naomba tuanze na hicho." Kama kuongea ni kugumu andika kwenye karatasi umpe ukiingia. Mshauri aliyefundwa vizuri atafurahi, nakwambia kweli, mimi mteja akiniambia hivyo hiyo siku naona tumepiga hatua kuliko miezi yote ya "nimekuelewa". Na huko kusema hapana kwa mtu mzima unayemheshimu, bila kukimbia na bila kumvunjia heshima, huenda ndo badiliko lenyewe ulilofuata.

JuaKali_Kariakoo

Wakuu na mimi niulize. Nilienda kwa mshauri kipindi biashara imekufa, nilikua silali. Baadae nikapata mtaji kwa bro wangu biashara ikasimama, na usingizi ukarudi. Sasa nikisema tiba ilinisaidia si nitakua najidanganya? Labda ni hela tu.

MnasihiMoro

Swali zuri sana mkuu, na wataalamu wenyewe wanalichukulia serious. Mtafiti mmoja, Robert Elliott, ametengeneza mahojiano ambayo mteja anafanya na mtu mwingine asiye mshauri wake. Anaombwa ataje mabadiliko yote aliyoyaona, mazuri na mabaya, alafu kwa kila moja anaulizwa: ulilitarajia au lilikushangaza? Bila tiba lingetokea? Lina umuhimu gani kwako? Unadhani limeletwa na nini, pamoja na mambo ya nje ya tiba? Yani mteja anapewa nafasi kabisa ya kusema hapana, hii ni kwasababu nilipata kazi.

Wewe usichukue usingizi peke yake, jipe hayo maswali. Mfano ulipopata huo mtaji ulimwombaje bro wako, na kabla ya vikao ungeweza kumwomba?

JuaKali_Kariakoo

Daah. Kabla nilikua hata simu zake sipokei, nilikua naona aibu kwasababu hela aliyonipa mara ya kwanza niliipoteza. Nilimfata mpaka Mbagala nikamweleza ukweli wote nikiwa nimekaa nae. Usingizi basi nitakubali uliletwa na hela, ila ile safari ya Mbagala hapana, ile haikutoka kwenye hela.

BintiMrima

Kaka JuaKali hiyo ndo simu yangu ya mama mkwe.

Mwas_Nakuru

Swali dogo la mwisho. Hii kitu huchukua muda gani? Na inaweza kuja mara moja tu ama lazima polepole?

MnasihiMoro

Inatofautiana sana ila kuna mwongozo. Mwaka 1986 Kenneth Howard na wenzake walikusanya tafiti za miaka 30, wateja zaidi ya 2,400, wakakuta karibu nusu wanaonyesha nafuu ya kupimika kufikia kikao cha 8, na karibu robo tatu kufikia cha 26. Kwahiyo anayekwambia kikao kimoja kinatosha na anayekwambia miaka mitano, wote waulize maswali.

Na ya ghafla yapo. Tony Tang na Robert DeRubeis mwaka 1999 walikua wanaangalia watu wenye sonona, wakaona karibu wanne kati ya kumi hali yao ilishuka sana kati ya kikao kimoja na kinachofuata, kwa mkupuo. Walipokagua kanda wakakuta mara nyingi kwenye kikao cha kabla ya mkupuo mtu alikua amebadilisha jinsi anavyoliona jambo lake. Na wengi wa hao nafuu yao ilidumu. Ila wasiopata mkupuo nao walipona wengine, kwahiyo usikae unausubiri.

Kwa wa Kenya, huko mna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, una haki ya kumuuliza kaunsela wako kama amesajiliwa. Muulize tu, sio dharau.

Ney_Mbeya

Kaka Mnasihi na akikasirika je? Maana nimeandika hiyo karatasi, ipo kwenye daftari, kikao ni Alhamisi.

MnasihiMoro

Akionyesha kushtuka kidogo mpe nafasi, nae ni binadamu, huenda atahitaji dakika. Wengi wanarudi na kusema ahsante kwa kuniambia, na baada ya hapo vikao vinakua vya kweli zaidi. Lakini akikukaripia, au akakwambia wewe ni mtoto hujui tatizo lako, au akaendelea na habari za baba kana kwamba hujasema kitu, basi una ruhusa ya kuaga kwa heshima na kutafuta mwingine, na hiyo haitakua umeshindwa tiba. Hapo Mbeya hospitali ya rufaa wana kitengo cha afya ya akili, unaweza kuanzia pale.

Mpe ile karatasi mwanzoni kabisa, ukishakaa tu, usiisubirishe mpaka dakika za mwisho. Alafu Alhamisi jioni rudi hapa utuambie.